Namba Tisa mu Ukungu ya Chumvi

Bulengera, tarehe 6/3/2023

Luc, papa Bénie,

Mutoto yako amelamba chumvi sasa hivi. Hapana chumvi ya kupikia, chumvi ya ku kazi. Nilikuwa nageuka kidogo tu kutafuta kamba ya kufunga mufuko, nasikia "mm!" nyuma yangu. Naangalia: kidole mu kinywa, macho amefunga yote mbili, mwili inatetemeka kama kuku yenye imenyeshewa. Nikasema bon, leo amejifunza. Akafungua macho, akaniangalia muzuri, akarudisha kidole mu mufuko. Hiyo ni damu yenu. Kwetu mutu akiungua mara moja anakimbia.

Barua ingine nilikuambia tu kama nimepata kazi ku atelier, karakana ya Butembo, sikukueleza ni kazi gani. Sasa nakueleza. Kuko sanduku moja kubwa ya plastique, urefu kama jeneza (usiogope), na kifuniko yenye inainama pande mbili kama paa ya nyumba. Ndani kuko kidomo kidogo yenye inatoa mayi ya chumvi kama ukungu. Ni kama ile ya asubui hapa Bulengera, lakini hii iko ya moto, na ikikugusa ku midomo unafikiri umelia. Bafundi ba soudure, ba kuunga chuma, banaleta bipande bya chuma byenye bamepaka rangi. Tunabiegemeza ndani, uso juu kidogo, bila kugusana, tunafunga, na ukungu inabishukia muchana na usiku. Ingénieur Ilunga, mutu ya Katanga, murefu, mwenye Swahili yake inaimba, anasema kazi yenye mvua ingefanya mu miaka mingi, sanduku inaifanya mu majuma. Rangi ya uongo inatubu mbele ya batu.

Miye nachunga. Naangalia joto isipande, isishuke. Naangalia mayi yenye inaanguka mu bikombe bidogo, kama ukungu iko inatosha. Na chumvi nachanganya miye mwenyewe, ile ya ingénieur peke yake, na mayi ya bidon yake. Siku ya kwanza nilikuwa nimeleta chumvi ya Katwe ya ku soko, nikafikiri chumvi ni chumvi. Ingénieur alicheka mpaka akakaa chini: "Mama Bénie, unataka kupikia mabati majani ya sombe?"

Juu ya nini byote hivi? Banajenga maternité ya mupya, nyumba ya kuzalia, kule Mabalako. Milango na madirisha yote itakuwa ya chuma. Fundi mwenye kipande yake itashinda njo atazitengeneza, na atafanyia hapa hapa, ku atelier ya Butembo. Kipande iko na namba, jina hapana. Hata miye sijuwe ya nani ni gani.

Nikiziangalia nakuwazaka. Kama ungekuwa hapa, ungeleta yako. Tangu uende Beni kutafuta kazi, Bénie anaita kila mwanaume wa kofia "papa". Siku ya Mungu alimuita padiri. Kanisa yote ilicheka, na padiri pia.

Simu yako inasema tu haipatikane. Kuko nini? Hii natuma kwa Syauswa wa moto (pikipiki), anapanda Beni na convoi ya magari.

Ni miye,
Kavugho, mama Bénie

*

Beni, tarehe 11/3/2023

Kavugho, bibi yangu,

Barua nimepata. Nilicheka peke yangu mpaka Mama yangu akauliza kama nimekunywa. Mwambie Bénie papa yake hajasoma seminari.

Simu ilianguka mu choo. Usiniulize zaidi, inaniuma.

Hapa kazi iko kidogo kidogo. Nilisudia portail, geti ya chuma, ya muuzaji mumoja wa cacao, alifurahi, akanipa na kuku. Mama eko muzuri, ni mugongo tu yenye inamusumbua kama kawaida. Anakusalimia, anasema mutoto asikae karibu na dawa za ku kazi.

Unaniambia juu ya ingénieur na sanduku yake. Mwambie kuko kitu moja sanduku yake haijuwe kupima, ni mukono ya fundi. Muzee mwenye alinifundisha kazi alikuwa anasema, chuma unaangalia na mukono. Mbele ya kupaka rangi napitishaka mukono mutupu juu mpaka chini, kama vile unagusaka mutoto ku kipaji kujua kama eko na homa. Vumbi ikiwa pale, mukono inasikia. Na ile kidole yangu kikubwa yenye disque ya kukata chuma ilikataka njo inasikia kupita zingine zote. Bengine hapa Beni banapaka tu kama banapakaa mukate siagi.

Na ile namba tisa iko namna gani? Nauliza tu. Tisa ni namba muzuri.

Bwana yako,
Luc

*

Bulengera, tarehe 17/3/2023

Luc,

Namba tisa sitakuambia, hata ningeota. Ni sheria ya hapa, na hata weye umenifunza kama mutu anakuwekea kitu yake hauifungulie batu njiani.

Sikia kwanza ya Onésime. Unamujua, ule fundi mwenye atelier kubwa chini ya soko, mwenye tumbo inaingia ku mulango mbele yake. Alikuja juzi na sucré ya chupa na beignet, andazi. "Mama Bénie, nimepita tu kusalimia mutoto." Mutoto gani? Hata jina yake hakujua, alimuita "kijana". Akampa beignet. Halafu akainama ku kifuniko: "Namba mbili inaendelea? Ufungue kidogo tu, nisikie harufu."

Nikamwambia: "Papa Onésime, harufu ni ya chumvi. Nenda ku jiko yako utaisikia."

"Ah, mwanamuke mudogo hivi na ukali hivi!"

"Ukali haunaka kipimo, papa."

Nikachukua beignet mu mukono ya Bénie nimurudishie. Luc, ilikuwa imeshalumwa. Nilimurudishia na alama za meno ine juu. Aliipokea. Sasa Bénie analia, Onésime anaenda na beignet ya kulumwa, Ingénieur anachungulia ku dirisha anauliza: "Ni vita gani?"

Kazi naipenda. Umeme ikikatika nakimbia kuwasha groupe, jenereta, ili ukungu isilale, na watchman ananipigia makofi. Ingénieur ananionyesha kusoma karatasi yenye inageuka rangi ukiiweka mu mayi ya chumvi, kama mayi imekuwa kali. Masomo niliacha njiani, unajua, lakini hii inaingia. Nawaza siku moja nitamufunza na Bénie.

Mbona unauliza tisa?

Kavugho

*

Bulengera, tarehe 24/3/2023

Luc,

Nimekuona.

Asubui Ingénieur alisimamisha ukungu tuangalie bipande, kama tunafanyaka. Alifungua kifuniko polepole, ili matone ya kifuniko isianguke ku rangi na kuharibu kazi. Tunatoa moja, tunaiosha kidogo na mayi, tunaiangalia. Kila kipande iko na mikato mbili zenye zinavukana kama musalaba, tulizikata siku ya kwanza na ncha ya chuma mpaka ndani, ili tuone kutu itatembea mpaka wapi chini ya rangi. Kuko moja, kutu imeshatembea kama siafu. Kuko ingine, rangi inatoka kama ngozi ya kiazi chenye kimeiva. Tukafika ku namba tisa. Musalaba safi. Rangi imeshika. Nikasema mu roho: huyu ni fundi.

Halafu nikaona chini, ku kona. Rangi imevimba pale, na katikati ya uvimbe madoa madogo ya kutu, imepangana mistari mistari ya kuzunguka, kama njia za ng'ombe ku kilima. Nikapeleka kipande ku mwangaza ya mulango. Ilikuwa kidole. Kidole kikubwa. Na katikati yake kovu, imelala upande, imekata mistari yote.

Hiyo kidole miye njo niliifunga kitambaa siku disque ilikukata. Ulikuwa unapiga kelele unasema hauumie. Sijakuona tangu mwaka ya jana, na leo unanitokea mu chumvi.

Ingénieur akasema, pole pole, kama ananifunza: "Unaona, Mama Bénie? Huyu alishika chuma na mukono mutupu mbele ya kupaka. Jasho ni chumvi na mafuta. Ameyafungia ndani na rangi nzuri juu yake. Ukungu imeyakuta." Hakujua anasema mbele ya nani. Nikarudisha kipande pahali yake.

Na simu nayo nimeielewa. Rangi ya namba tisa inatokaka Kampala, Ingénieur anasema, na bei yake si ya kila mutu. Simu haikuanguka mu choo. Ilianguka mu kopo ya rangi.

Sikukasirikia simu. Nimekasirika juu ulikuwa unatafuta njia ya kurudi nyumbani na ukaniacha nje ya hiyo njia. Ningekuombea. Ningekuambia hata mambo ya mukono.

Niandikie.

Kavugho

*

Beni, tarehe 28/3/2023

Kavugho,

Ndiyo, tisa ni yangu. Kipande nilimupa Syauswa aipeleke, akanirudishia namba, nikamukataza kusema. Nilitaka ile siku banasoma jina, usikie "Luc" mbele ya batu bote, uangushe kitu yenye uko nayo mu mukono. Niliwaza hiyo usiku mingi kupita namna niliwaza milango.

Sasa unisikie. Ni kidole tu. Musalaba iko safi, umesema weye mwenyewe. Mulango nzima ya chuma itaharibika juu ya kidole? Kifuniko ni weye unachunga. Unageuza kipande kidogo, ile kona iende chini kwenye ukungu haifike. Ao usiku mbele ya kufunga unaisugua na majivu na ndimu, halafu unagusa na rangi. Nimemupa Syauswa kopo kidogo, ni ile ile ya Kampala. Unagusa tu, kama kumupaka mutoto mafuta. Nani atajua?

Tukishinda narudi. Hapana kurudi ya kutembea, kurudi ya kukaa. Nitalala kwangu. Bénie atajua kofia ya papa yake.

Na unaandika juu ya mukono yangu kama mukono ya mwizi. Mukono hiyo njo ilisudia kitanda yenye unalalia. Hiyo mukono ilikulisha mbele ya Ilunga na chumvi yake. Leo inachafua chuma? Mama amesikia habari, ameona hasira yangu, anataka na yeye kukuandikia. Sikumuzuia.

Kuko banamuke benye bangeficha bwana yabo. Uwaze.

Luc

*

Beni, tarehe 28/3/2023

Kwa muka mwana wangu Kavugho,

Ni miye Mama Katungu nasema, Rébecca wa jirani njo anaandika, nimemwambia aandike yote hata yenye inamupa haya.

Luc hajakula tangu barua yako. Kuku yenye alipewa iko inatembea mu cour ya nyumba kama mugeni, hakuna mwenye eko na moyo ya kuichinja. Nilikuchukua ku kwenu na mbuzi zenye baba yako alichagua yeye mwenyewe moja moja, akazigusa mpaka meno. Sikulalamika. Nilisema msichana huyu atashika nyumba.

Kushika nyumba ni hii? Bwana yako anaweka kitu yake mu sanduku yenye bibi yake anachunga, na kitu inaangukia pale pale? Batu ba Beni bananiuliza nitasema nini. Mwanamuke gani anaangusha bwana yake mbele ya mutu ya Katanga?

Geuza hiyo bati, mutoto yangu. Bati haina kinywa.

(Mama Katungu anasema niweke na salamu kwa Bénie. Rébecca.)

*

Bulengera, tarehe 2/4/2023

Luc, na Mama,

Naandika barua moja kwa ninyi wawili juu jibu ni moja. Hapana.

Sitageuza kona. Sitasugua. Kopo ya rangi iko inarudi na Syauswa, haikufunguliwa, angalia kifuniko yake.

Luc, Onésime alikuja na beignet nikamufukuza. Weye unakuja na kitanda na mutoto, unafikiri ni kitu ingine? Ni beignet tu, yako njo tamu zaidi. Nililia nikiisoma. Nililia, halafu nikasimama nikaenda ku bureau ya Ingénieur.

Nilimwambia Ingénieur: "Namba tisa ni ya bwana yangu. Nimemujua kwa kidole. Kwa hiyo miye sitasema neno juu ya hiyo kipande, wala ingine yenye ataleta. Tafuta mutu mwingine aziangalie." Nikaanza kuwaza nitamubeba Bénie na mukono gani na bitu byangu na mukono gani. Halafu akauliza: "Na ufunguo ya kifuniko, unataka nifanye nini nayo?" Nikaitoa mu kamba yangu ya shingo nikaiweka ku meza. "Mupe Germaine wa bureau." Akamuita Germaine. Tangu siku hiyo Germaine njo anafungua, njo anaangalia, miye nachanganya chumvi na kuchunga joto. Kazi sikupoteza. Lakini ufunguo yenye ulikuwa unaniomba, Luc, sinayo tena. Niliitoa miye mwenyewe, ili usiniombe mara ya pili na mimi nisilegee. Juu ningelegea. Nakupenda, ningelegea.

Sasa Mama. Nakujibu na heshima yote, lakini nakujibu. Unauliza mwanamuke gani anaangusha bwana yake. Miye nakuuliza, siku Bénie anazaliwa, nani alishika mulango?

Unakumbuka. Ile poste ya kwetu ya zamani, ya kuzalishia, mulango ya chuma, rangi ya bulu muzuri, na paumelle zote, bawaba za mulango, zilikuwa zimekuliwa na kutu mpaka mulango ikakuwa inaning'inia. Haikufunga. Mvua inaingia, upepo inaingia, banaume ba mu cour banapita banachungulia. Miye nilikuwa pale juu ya kitanda bila kitu. Weye ukageuka, ukaweka mugongo yako ku mulango, ukaisukuma, ukakaa vile mpaka mutoto akalia. Haukumuona hata akitoka. Ulimusikia tu. Na mugongo haijapona mpaka leo, Luc anaandikaka "kama kawaida", kama vile ilizaliwa na maumivu.

Mama, kuko fundi mwenye alitengeneza ile mulango. Kuko na mutu mwenye aliiangalia akasema nani atajua. Ulijua weye, na mugongo yako. Kule Mabalako batoto bengine batazaliwa. Sitaki mama mukwe ya mutu akuwe paumelle tena. Hata kama mulango ni ya Luc. Zaidi kama ni ya Luc.

Bon. Namba tisa imeanguka. Lakini tangazo yenye iko ku mulango ya atelier tangu mwanzo inasema mutu anaweza kuleta kipande ingine mpaka Pasika, na itakaa mu ukungu kama zingine, bila kupunguza. Salomon wa hapa Bulengera, yake ilivimba, amesharudisha ya pili. Hasira yako imekunyima hata kuniuliza.

Rangi uko nayo, ni kopo hii narudisha. Mukono ya kupaka uko nayo, Ingénieur mwenyewe alisema rangi ilipakwa kama na mashine. Kitu moja tu. Mu mufuko ya Syauswa kuko na lange za Bénie, zile nyeupe za kitambaa zenye tulimufungaka akiwa mudogo. Nimezichemsha, sikutia sabuni ya harufu, nimezianika ndani ya nyumba ili vumbi isizipate. Safisha chuma na essence (petroli) mpaka kitambaa itoke nyeupe. Halafu usiiguse. Usiisikilize. Mukono ikikuwasha, ikuwashe. Ushike na lange mpaka rangi ikauke.

Mukono yako hakuna mwenye anaijua kupita miye. Ni juu ya hiyo nasema, hapana juu ya chuma.

Kavugho

*

Beni, tarehe 6/4/2023

Kavugho,

Syauswa anapiga honi, nitaandika mbio. Kipande iko ndani ya lange, na lange ndani ya carton. Mwambie Germaine asiishike na mukono mutupu, na yeye.

Rébecca alisoma barua yako mbele ya Mama. Alipofika ku maneno ya mulango, Mama akamwambia: "Rudia hapo." Akarudia. Mama akashika mugongo, akasimama, akanikuta ku atelier. "Wapi hiyo bati?"

Tangu pale nimefanya kazi na polisi. Alichukua kiti, akakaa mbele yangu na mwiko ya bugali. Nilisafisha na essence. Nikamaliza, chuma inang'aa, na bila kuwaza mukono ikaenda yenyewe, unaijua. Alinipiga mwiko ku vidole mpaka bateja banageuka. "Haukusikia bibi yako?" Mu mwaka mbili ya kuoa sijasikia Mama anasema "bibi yako" na sauti ile.

Nikashika na lange. Bafundi ba pembeni bakaanza: "Fundi, mutoto amekunya?" "Fundi, ukimaliza umubebe ku mugongo!" Mumoja akaimba wimbo ya kulalisha mutoto. Nilipaka tu. Mama njo alibajibu, sitaandika alisema nini, Pasika iko karibu.

Simu, ni kweli, niliuza. Musamaha sikuombi hapa. Nataka kuomba na kinywa, hapana na bic.

Kuku tulichinja.

Luc

*

Bulengera, tarehe 2/5/2023

Luc wangu,

Bénie amevua kiatu moja sasa hivi, ameenda nayo mpaka ku sanduku, anapiga kifuniko na kiatu anaita: "Papa! Papa!" Sijuwe nani alimwambia uko ndani. Labda ni miye, siku moja nikichanganya chumvi nikifikiri analala.

Nakupa habari kwa mpango. Namba yako ya mupya ilikuwa kumi na ine. Germaine aliifungia, Germaine aliifungulia, miye nilisimama nyuma ya mustari yenye Ingénieur alichora chini na craie, chaki, na sikuivuka. Umeme ilikatika mara mingi, groupe ilinisumbua, kamba yake imenikata mukono, lakini ukungu haikulala. Ningeifanyia hata namba ya Onésime. Niliifanyia.

Leo komite imefika, batu ba maternité na sœur mumoja, mutawa wa Mabalako, bamekaa ku banc ya cour. Bamepanga bipande byote ku meza. Onésime akasimama mbele ya bote, sijuwe nani alimwambia: "Hii haina haki! Kumi na ine ni ya bwana ya huyu mwenye anachunga!" Batu bakanigeukia. Bénie alikuwa ku mugongo yangu. Nikaona kama miguu inataka kukimbia, nikaikatalia.

Nikasema: "Ni kweli, ni ya bwana yangu. Na tisa pia ilikuwa ya bwana yangu. Iko wapi, tisa?" Ingénieur akaiinua, na kutu yake yote. Nikasema: "Hii niliiangalia ikianguka na sikuigusa. Nililia tu. Mwenye anasema nilimusaidia bwana yangu, akuje aonyeshe pahali. Na kumi na ine hapana muniulize miye. Muulize Germaine."

Onésime akasema: "Mwanamuke mudogo hivi."

Sœur akamwambia: "Ukae, papa."

Germaine akaisoma. Musalaba, kutu haikutembea. Kona zote ine, hakuna uvimbe. Akaipitisha kwa sœur, sœur akaigeuza ku jua, akaipitisha kwa bengine, bakaniita na mimi sasa niangalie, kazi ilikuwa imekwisha. Luc, nilitafuta kidole yako. Nilitafuta juu, chini, ku kona ile ile. Niliinamisha kipande ku mwangaza kama siku ile. Haukuwa pale. Ni mara ya kwanza tangu uende Beni nimekutafuta, nimekukosa, na nimefurahi.

Bameingia ku bureau kuzungumuza. Naandika hapa juu ya kifuniko, ingali ya moto kidogo. Mwambie Mama kama sœur aliuliza paumelle zitakuwa za namna gani, na nikamwambia kuko mama muzee mumoja Beni mwenye atazijaribu na mugongo mbele hazijafungwa. Alicheka, hakujua ni kweli. Zile lange hapana kuzitupa, kuko milango mingi, na kuko na

Bon, Ingénieur ametoka ku bureau, anaita cour nzima na sauti yake ile ya kuimba: "Mama Bénie! Acha barua, Syauswa ameshawasha moto yake! Na mwambie huyo bwana yako akuje na mètre ya kupimia, milango inamungojea!" Luc, umesikia? Lete mètre. Na lete hiyo mukono yako, juu hapa ku nyumba hakuna mwenye atakukataza kugusa. Bon, Syauswa anavuta karatasi.